Ustadhi Nusu na Silsila Iliyopitia Bandani

Wamepokea wakubwa wetu kutoka kwa waliowatangulia, na ukweli wote anao Mwenyezi Mungu, ya kwamba katika Bara Hindi, enzi za manawabu, watawala wa huko, palikuwa na mwimbaji mcha Mungu aliyeitwa Rahatullah, mkazi wa mji wa Kamalgarh. Hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Watu wa mji walimpa jingine. Walimwita Ustadhi Nusu.

Ili jina hilo lieleweke, ndugu zangu, ni lazima kwanza mjue desturi za waimbaji wa huko. Wao hawakujifunza uimbaji kwa kuokota njiani. Kila mmoja alikuwa wa nyumba fulani, nao huiita gharana, lakini nyumba hiyo haikuwa na matofali wala boriti. Ilikuwa ni watu: baba kamfundisha mwanawe, mwana kamfundisha mpwa, mpwa kamfundisha mkwe, sauti ikirithiwa kama wengine wanavyorithi mashamba. Mwimbaji aliyeulizwa, "Umepokea kwa nani?" akakosa jibu, alihesabiwa mwizi hata kama ndege wangetua begani mwake kumsikiliza. Nyimbo zenyewe zililindwa kwa wivu mkubwa. Binti wa ustadhi akiolewa, baadhi ya nyimbo za nyumba yao alipewa mkwe kama zawadi ya arusi, zikaenda pamoja na masufuria na matandiko.

Najua wapo watakaotaka kujua hukumu ya muziki. Kadhi wa Kamalgarh naye aliulizwa. Alijibu kwamba hawezi kuhukumu jambo ambalo hajalisikia vizuri, akasogeza mto wake karibu zaidi na waimbaji. Na Rahatullah, kwa upande wake, alikuwa akiimba sifa za Mola wetu na kumsalia Mtume, rehema na amani zimshukie, wala hakuna aliyewahi kumsikia akiimba upuuzi.

Basi Rahatullah alimwoa Bi Durdana, mtoto wa pekee wa Ustadhi Bahramand Khan, mkuu wa nyumba ya Qamarpur. Nyimbo za nyumba hiyo zina sehemu mbili. Ya kwanza hutembea chini, polepole, kama mtu anayetafuta viatu vyake msikitini. Ya pili hupanda juu, na huko juu ndiko uliko utamu wote. Siku ya arusi Ustadhi Bahramand alimkumbatia mkwe wake mbele ya watu, akamtunuku nyimbo za nyumba yake. Rahatullah alipokwenda kuzipokea, akakuta amepewa nusu za chini tu.

"Na nusu za juu, Baba?" aliuliza kwa adabu.

"Hizo ni za mwanangu wa kiume," alisema mzee.

Mwana huyo wa kiume alikuwa bado hajazaliwa. Ustadhi Bahramand aliendelea kumsubiri hata ndevu zilipokuwa nyeupe zote, na hata baada ya mkewe kwenda mbele ya haki.

Wala hakuishia hapo. Kabla binti hajatoka nyumbani, mzee alimwita, akaweka msahafu mbele yake, akamwapisha kwamba hatamfundisha nusu za juu mume wake, wala mwanamume mwingine yeyote. Maana tangu utotoni Bi Durdana alikuwa akikanda unga nyuma ya pazia wakati baba yake akifanya mazoezi. Mzee alijua kwamba binti ana masikio. Alichokuwa hajui ni kwamba masikio hayo hayajawahi kudondosha kitu.

Hivyo ndivyo Rahatullah alivyokuwa Ustadhi Nusu. Akialikwa barazani, aliimba nusu ya chini kwa unyenyekevu uliowafanya watu wafumbe macho. Akairudia. Akairudia tena. Kisha pale walipoinama mbele wote wakingojea ipande, yeye alinyamaza na kusema, "Hapa ndipo nilipofikishwa," akaomba maji ya kunywa. Wapo waliorudi nyumbani wamenuna kama watu waliokaribishwa chakula wakaletewa maji ya kunawa peke yake.

"Tunga hiyo nusu nyingine mwenyewe!" rafiki zake walimshauri. "Nani atajua?"

"Atajua Yule atakayenipa sauti kesho asubuhi," alijibu Rahatullah.

Ikapita miaka ya subira. Rahatullah hakumlaumu baba mkwe wake, na hakumwomba mkewe hata siku moja avunje kiapo. Bi Durdana naye aliubeba mzigo huo kimya. Kila mumewe alipofika mwisho wa nusu ya chini, yeye aliuma ncha ya mtandio wake, asije akaimalizia.

Kisha wakanunua mbuzi.

Alikuwa mbuzi jike mweupe, mwenye maringo, wakamwita Malika kwa jinsi alivyojiona. Maziwa alikuwa nayo, lakini kuyatoa hakutaka. Bi Durdana alimpa majani mabichi, akayala na kupiga teke ndoo. Akambembeleza kwa maneno mazuri. Akamtishia Idi ya kuchinja. Malika alimtazama kama mke wa nawabu anavyomtazama muuza mitumba.

Asubuhi moja, jua limekwisha kuchomoza, Bi Durdana alichoka. Akakaa juu ya kigoda, akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa mbuzi, na bila kufikiri akaanza kuimba kwa sauti ndogo kile kilichokuwa kimejaa kifuani mwake miaka yote. Aliimba nusu ya juu. Maziwa yakamiminika.

Upande wa pili wa ukuta, Rahatullah alikuwa akitawadha kwa ajili ya sala ya dhuha. Alikuwa amefika kwenye kuosha miguu. Mguu wa kushoto ukabaki hewani. Alisimama hivyo, birika mkononi, maji yakimwagika yote chini, mpaka wimbo ulipopanda, ukazunguka huko juu na kutua. Ndipo birika lilipomponyoka.

"Nani huko?" aliita Bi Durdana.

"Ni mimi."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale inapopanda mara ya mwisho, ikageuka kama mtu anayeitwa jina lake."

Bi Durdana alijiziba mdomo kwa mkono uliolowa maziwa. "Basi umesikia yote," alisema.

Mtu mwingine angefurahi. Rahatullah hakufurahi. Aliona amekula amana ya watu, ingawa alikuwa ameila kwa masikio. Na mkewe alilia akidhani amevunja kiapo alichokula mbele ya msahafu. Walikubaliana waende kwa Kadhi siku ile ile.

Kadhi aliwasikiliza mpaka mwisho. "Bibi, uliapa nini hasa?"

"Kwamba sitamfundisha mume wangu, wala mwanamume yeyote."

"Na huyu mbuzi?"

"Ni jike, Bwana Kadhi."

Kadhi alizishika ndevu zake kwa namna iliyomfunika mdomo. Kisha akasema, "Nia yako ilikuwa nini?"

"Maziwa."

"Hiyo ni leo. Na kesho utakapokwenda kukama, nawe unajua kwamba mumeo yupo nyuma ya ukuta?"

Bi Durdana aliinamisha uso. Angeweza kusema maziwa. Kadhi angemwandikia maziwa, na jambo lingekwisha.

"Kesho," alisema, "nia itakuwa imechanganyika."

Kadhi alilipenda sana jibu hilo, na sauti yake ikawa laini. "Binti yangu, umesema kweli, na kweli ndiyo itakayokutoa. Mtu akiapa, kisha akaona jambo jingine lililo bora kuliko alichoapia, sheria inamruhusu atende lililo bora na alipe kafara ya kiapo chake. Kufundisha elimu njema ni bora kuliko kuizika. Lakini usiipitishe kwa mlango wa mbuzi ukajidanganya kwamba hujavunja kitu. Kivunje kiapo kwa uwazi, lipa kafara, umfundishe mumeo."

Wakafanya hivyo. Waliwalisha masikini wali wa maziwa, maziwa ya Malika mwenyewe, na masikini wa Kamalgarh walipomaliza kulamba vidole waliuliza kama bibi hana viapo vingine.

Baada ya hapo masomo yalianza, na yalifanyikia bandani, kwa sababu Malika hakukubali tena kukamwa bila kuimbiwa. Bi Durdana aliimba, Rahatullah alirudia, mbuzi alitafuna. Kulikuwa na mahali pamoja, pale juu kabisa, ambapo Malika naye hulia kidogo, mee-ee-ee, kama anayeunga mkono. Rahatullah, ambaye maisha yake yote alichukua alichopewa bila kuongeza wala kupunguza, alikichukua na hicho.

Siku moja mkewe alimsimamisha. "Huo mtetemo umeutoa wapi?"

"Si ndivyo unavyoimba wewe?"

"Mimi? Huyo ni Malika!"

Bi Durdana alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani makavu. Rahatullah alijaribu kuuondoa mtetemo ule. Alijaribu asubuhi, akajaribu alasiri. Ulikuwa umekwisha kuzama kooni, haukutoka.

Ikatokea kwamba mwimbaji mkuu wa kasri alifariki dunia, Mungu amrehemu, na Nawabu akatangaza kwamba anayetaka nafasi yake aje barazani baada ya sala ya alasiri. Kila mmoja aimbe wimbo mzima, kisha ataje silsila yake: nani kamfundisha, na huyo kafundishwa na nani. Silsila yenye pengo haitakubaliwa.

Asubuhi ya siku hiyo Bi Durdana alimfunga mumewe kilemba. "Bwana wangu," alisema, "ukiulizwa, sema umepokea kwa Baba. Usinitaje mimi. Heshima ya Baba ni heshima yetu."

Rahatullah alimshukuru kwa kilemba, akatoka. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na hakutaka kuanza kwa kumwahidi mkewe kwamba atasema.

Baraza lilijaa. Nawabu alikaa mbele, Kadhi kuliani kwake, Waziri kushotoni. Wanawake walikaa nyuma ya kiambaza cha mbao kilichochongwa nakshi, na Bi Durdana alikuwa miongoni mwao. Ustadhi Bahramand Khan, kwa uzee wake na jina lake, alipewa mto mkubwa katika safu ya wageni wa heshima.

Waimbaji wakapita. Mmoja aliimba vibaya lakini akataja silsila ndefu ajabu, mtu baada ya mtu, mpaka akaifikisha kwa Nabii Daudi, amani iwe juu yake.

"Na kati ya babu yako na Nabii Daudi yupo nani?" aliuliza Kadhi.

"Wapo wengi, Bwana Kadhi. Mungu awarehemu wote."

Ikafika zamu ya Rahatullah. Watu waligusana viwiko. "Ustadhi Nusu! Mwandalieni maji yake." Akaimba nusu ya chini kama kawaida yake, na wengine wakaanza kutafuta viatu. Alipofika pale alipozoea kunyamaza, hakunyamaza. Akapanda.

Baraza zima lilishika pumzi. Alipanda kama aliyekuwa amefungiwa chini miaka mingi, na hapo juu kabisa sauti yake ikatetemeka kidogo, mtetemo wa ajabu, wa upole na ukaidi kwa pamoja. Nawabu aliinuka nusu kutoka kwenye kiti chake. Kadhi, ambaye alikuwa anajua anachokisikia, alitazama dari kwa makini kama mtu aliyepoteza kitu huko.

"Subhanallah!" alisema Nawabu sauti ilipotua. "Na mtetemo ule wa juu? Sijausikia kwa yeyote. Umepokea kwa nani?"

Kabla Rahatullah hajafungua kinywa, Ustadhi Bahramand alikuwa amesimama na mkongojo wake. Mzee alikuwa ametoka jasho. Nyimbo zake alizozifungia zilikuwa zimetokea hadharani, wala hakujua zimetokea wapi. Lakini sifa alizisikia, na sifa zilikuwa tamu.

"Mtukufu Nawabu," alisema, "huyo ni mkwe wangu. Kapokea kwangu, chini na juu. Na mtetemo ule ndiyo siri ya nyumba ya Qamarpur. Mimi niliupokea kwa baba yangu, naye kwa babu yangu, naye alijifungia pangoni akifunga na kusali mpaka akafunuliwa."

Minong'ono ya mshangao ikapita barazani. Kadhi alishikwa na kikohozi, ikabidi apewe maji.

"Silsila kamili kabisa!" alisema Nawabu kwa furaha. "Rahatullah, shuhudia tu kwamba ndivyo, na nafasi ni yako."

Hapo, ndugu zangu, Rahatullah alisimama peke yake. Neno moja tu, ndiyo, lingempa kasri, lingeuheshimu uzee wa baba mkwe, na lingemtii mkewe aliyemwomba asitajwe. Kweli nayo ingemvua mzee nguo mbele za watu, na yeye mwenyewe ingemfanya kichekesho cha mji kwa mara ya pili. Alimtazama mzee aliyeegemea mkongojo wake. Alimhurumia kwa dhati. Lakini ushahidi ulikuwa umeombwa kwake, na ushahidi hauimbwi nusu.

"Mtukufu Nawabu," alisema taratibu, "kila nilichonacho kinatoka katika nyumba ya baba mkwe wangu, na Mungu amlipe kheri. Nusu ya chini nimepokea kwake mwenyewe. Nusu ya juu nimepokea kwa binti yake, Durdana, mke wangu, aliyeipokea kwake nyuma ya pazia."

"Na mtetemo?"

"Mtetemo nimepokea kwa mbuzi."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na baraza likaporomoka kwa kicheko. Walinzi walicheka wakaegemea mikuki. Nawabu alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Nyuma ya kiambaza wanawake walikuwa wakipigana mabega. Ni watu wawili tu ambao hawakucheka: Rahatullah, na mzee Bahramand aliyekuwa ameketi taratibu, uso umemshuka.

Waziri ndiye aliyetuliza watu. "Kichekesho ni kichekesho," alisema, "lakini silsila imevunjika. Yupo mwanamke katikati."

Kadhi akageuka. "Imevunjika wapi, Waziri? Hadithi za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ni ngapi tulizozipokea kupitia kwa wanawake, na wanazuoni wakawaita waaminifu? Tumewaamini katika dini, leo tuwakatae katika nyimbo? Bi Durdana namfahamu. Nilimpa nafasi ya kusema uongo mdogo, mzuri, usioonekana, akaukataa. Mimi nasema ni msimulizi mwaminifu."

"Na mbuzi?" aliuliza Waziri kwa kejeli.

"Mbuzi ni msimulizi dhaifu," alisema Kadhi bila kutikisika. "Alichoongeza kiondolewe."

Nawabu, aliyekuwa bado anahema kwa kicheko, alimgeukia Ustadhi Bahramand kwa heshima. "Basi Ustadhi, tuonjeshe wewe. Tuimbie nusu ya juu jinsi ilivyo, bila mbuzi."

Mzee alikaa sawasawa, akafumba macho, akainua mkono. Akatoa sauti ya kwanza, na ya pili. Mkono ukabaki juu. Akaanza upya. Tena ukabaki juu. Watu walidhani anajitayarisha, mpaka walipoona midomo yake inatafuta na haipati.

Kumbe kwa miaka yote ile alikuwa hajaiimba nusu ya juu kwa sauti, akichelea majirani, akichelea wapita njia, akichelea kuta. Aliilinda isisikiwe na mtu mpaka akaacha kuisikia yeye mwenyewe. Na sasa aliitafuta mahali alipoiweka, na haikuwapo.

Hakuna aliyecheka. Ndipo kutoka nyuma ya kiambaza ilipotoka sauti ya chini, yenye haya, ikaushika wimbo pale mzee alipouangusha. Haikutaka kusikiwa na baraza. Ilimwimbia mtu mmoja tu. Ikapanda safi, bila mtetemo wowote, ikageuka pale juu na kushuka.

Ustadhi Bahramand alisikiliza huku machozi yakiingia ndevuni. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Hivyo ndivyo alivyoiimba baba yangu. Mtukufu Nawabu, habari ya pango nimeitunga sasa hivi hapa. Mkwe wangu amesema kweli."

Rahatullah alipewa nafasi ile, naye akaitumikia kwa uaminifu mpaka uzee wake. Lakini siku ambayo wenye nyumba ile waliikumbuka zaidi ni nyingine.

Siku chache baada ya baraza, Ustadhi Bahramand alibisha hodi mlangoni kwa binti yake. Alikuwa amevaa kanzu safi na kushika kijiuzi chekundu, aina ile ambayo waalimu wa huko humfunga mwanafunzi kwenye kifundo cha mkono siku anapokubaliwa. Katika maisha yake alikuwa amewafunga wengi. Akakaa chini mkekani, akanyoosha mkono wake uliokunjamana.

"Nifunge," alisema.

"Baba, haiwezekani! Mimi ni mwanao."

"Nilikaa miaka nikimngoja mwana anirithi," alisema mzee, "nawe ulikuwa nyuma ya pazia unakanda unga. Nifunge, Durdana, kisha unifundishe nyimbo zangu. Na usinionee huruma nikikosea."

Bi Durdana alikifunga kile kijiuzi. Kisha akamwambia baba yake akae wima, kwa maana alikuwa amejikunja, na mtu aliyejikunja hawezi kuimba.

Basi tuzingatie. Elimu ni amana, na mwenye kuifungia asipewe mwingine anaweza akaamka siku moja akakuta na yeye hanayo. Na mkweli huenda akachekwa mbele ya watu, lakini kicheko hupita na kweli yake ikabaki kuwafaa hata wale aliodhani imewaumiza. Tunamwomba Mola atujaalie ndimi zisizoona haya kutaja tulikopokea. Amin.